Wanafunzi watu wazima wanaoganda kwenye judo: hofu ya kuanguka, ya kubanwa na ya kumrusha mwenza

mkunazi

Habari za jioni wakuu. Naomba ujuzi wa walimu na wachezaji wa muda mrefu wa judo mlioko humu. Klabuni kuna wanafunzi 3 watu wazima, wote mkanda mweupe, afya nzuri, mahudhurio mazuri, lakini kila mmoja ana mahali anapoganda.

Wa kwanza akirushwa anafumba macho, anabana pumzi na kutanguliza kiganja chini. Cha ajabu, akiwa peke yake ukemi (kuanguka kwa usalama) anaufanya vizuri tu.

Wa pili ni dada wa miaka thelathini na kidogo. Hawezi kubanwa chini. Ikifika kesa-gatame (kubanwa chali, mwenza akiwa ubavuni amekumbatia shingo), sekunde mbili tatu anaanza kurusha miguu na kusema hapumui. Mara nyingine machozi yanamtoka, na baada ya hapo anakaa pembeni hadi mazoezi yaishe.

Wa tatu ana nguvu kuliko wote, lakini hamalizi kumrusha mtu. Anaingia vizuri, nyonga iko mahali pake, halafu katikati anaachia. Ukimuuliza anasema anaogopa kuumiza mtu.

Sakafu ni ya saruji, juu yake sponji za kuunganisha za sentimita 4. Mazoezi ni mara 2 kwa wiki, dakika 90. Tulichojaribu: kuwaambia walegeze mwili, na kumwongezea yule wa kwanza ukemi hadi 50 kila siku. Amezidi kukakamaa. Sitaki kuwapoteza na sitaki kuwalazimisha. Mnaanzia wapi?

---

mzee_wa_gi

Mkunazi, salama. Nianze na huyo wa kwanza, ila kabla ya kumgusa yeye, angalia sakafu. Piga goti kwenye sponji zako, kisha jiangushie uzito wote kwenye goti moja. Ukiisikia saruji, na yeye anaisikia, na mwili wake una haki ya kugoma. Tatami (mikeka) halisi za judo nazo ni za sentimita 4 au 5, lakini ndani zina povu lililoshindiliwa, takriban kilo 230 kwa kila mita ya ujazo. Sponji nyepesi za kuunganisha zimetengenezwa kwa mazoezi ya kusimama na kupiga teke. Kwa kurushana, weka tabaka mbili, na maungio ya tabaka ya juu yasikae juu ya maungio ya chini. Tafuta pia godoro nene, sentimita 20 hadi 30, kwa ajili ya mirusho ya kwanza. Godoro la kulalia lisilobonyea sana, likifunikwa turubai na kukazwa pembeni lisiteleze, linatosha kuanzia.

Sasa yeye mwenyewe. Kufumba macho, kubana pumzi na kutanguliza mkono ni kitu kimoja, mwili unajikinga. Ukimwambia "legeza" unamwagiza kitu ambacho hana mamlaka nacho kwa wakati ule. Mpe kazi ambayo haifanyiki macho yakiwa yamefumbwa na pumzi ikiwa imebanwa. Zoezi lenyewe ni hili. Anachuchumaa, mikono imenyooka mbele. Mwenza anasimama mbele yake hatua moja. Anapoanza kujiachia nyuma, mwenza ananyoosha vidole kadhaa usawa wa mkanda wake mwenyewe, na anayeanguka anataja idadi kwa sauti wakati mgongo unagusa chini. Ili aone vidole lazima kidevu kiende kifuani. Ili ataje namba lazima atoe pumzi. Ili azingatie namba lazima aache kuwaza mkono uende wapi. Makosa matatu yanashughulikiwa pamoja bila wewe kutaja hata moja.

Fuata urefu wa anguko, usiruke ngazi:

- amelala chali, ananyanyua kichwa na kupiga chini kwa mikono tu;
- amekaa;
- amechuchumaa;
- amepiga magoti na mikono chini, mwenza anapitisha mkono chini ya kifua, anashika mkono wa mbali na kumvuta aviringike;
- goti moja chini, mwenza ameshika mkono wa koti lake;
- amesimama, juu ya godoro nene;
- amesimama, kwenye tatami.

Mikono ipige ikiwa imeachana na mwili kwa nyuzi 30 hadi 45, kiganja pamoja na mkono wote hadi karibu na kiwiko. Ikipanuka zaidi ya hapo bega linavutwa. Ikikaribia sana mwili, kiwiko kinaingia chini ya mbavu. Kwa anguko la ubavu angalia pia miguu, maana wanaoogopa huikunja na kuikutanisha, kifundo kinagonga kifundo, na maumivu yale yanawafanya waogope anguko linalofuata hata kama mgongo ulishuka salama.

Ukemi 50 acha kabisa. Misuli ya mbele ya shingo ndiyo inayokizuia kichwa, na inachoka mapema kuliko mtu anavyojisikia. Kidevu kikianza kutetemeka, au kisogo kikigusa chini mwishoni mwa anguko hata kidogo, siku hiyo ukemi umekwisha. Seti 3 za maanguko 5, na pumziko katikati, zinamtosha mtu mzima anayeogopa. Kinachotakiwa ni mwili ukumbuke maanguko safi. Ukimpa 50, kama 35 za mwisho ni mbaya, amefanya mazoezi ya kuanguka vibaya.

Kwa nini peke yake anaweza na akirushwa anashindwa? Peke yake yeye ndiye anayeamua ni lini. Kwa hiyo mrudishie uamuzi huo kwanza. Awe ameshikwa tayari kwa o-goshi (mrusho wa nyonga), yuko juu ya nyonga, miguu imeacha ardhi, na mwenza asimalize mpaka yeye aseme "haya". Wiki ya pili mwenza anamaliza sekunde moja hadi tatu baada ya "haya", ili kuwe na kutojua kidogo. Wiki ya tatu hakuna "haya".

Na o-soto-gari (kumfagia mwenza mguu kwa nyuma aanguke chali) iwe ya mwisho kabisa. Hapa nasema kwa uzito. Japani, zaidi ya wanafunzi 100 wa sekondari walifariki kwenye judo ya shuleni kati ya 1983 na 2011, wengi wao wanaoanza, na majeraha ya kichwa ndiyo yaliyoongoza. Mirusho ya kwenda nyuma kama o-soto-gari inatajwa mara kwa mara. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, mishipa ya damu kati ya ubongo na utando wake inaweza kukatika hata kama kisogo hakikugusa chini. Kwa hiyo mtu anayeogopa kuanguka chali ana akili timamu. Anza na mirusho ambayo mwenza anaanguka ubavu na mkono wake wa koti unabaki umeshikwa: o-goshi, hiza-guruma (kuzuia goti kwa unyayo), de-ashi-barai (kufagia mguu unaokanyaga mbele) ya polepole. Mwanafunzi akilalamika kichwa kinauma baada ya kurushwa, hafanyi tena siku hiyo. Akitapika, akisinzia au akichanganyikiwa, ni hospitali moja kwa moja, na asiende peke yake.

---

BintiSaadani

Shikamoo mzee_wa_gi. Zoezi la vidole nimelichukua.

Mkunazi, mimi niongelee huyo dada. Naomba kwanza msimwambie kwamba anapumua vizuri na hakuna kinachomzuia. Kwa hisia zake hapumui, na kuna sababu ya kimwili. Mtu anayeshtuka anavuta pumzi nyingi kwa ghafla na kuibana. Mapafu yamejaa, mbavu zimekandamizwa na uzito wa mtu, kwa hiyo hakuna nafasi ya kuvuta zaidi. Hapo anaanza kusukuma kifua cha mwenza kwa mikono iliyonyooka, mikono inachoka ndani ya sekunde kumi hivi, na uzito wote unarudi palepale. Njia ya kutoka ni kutoa pumzi kwanza. Mfundishe akiwa amelala peke yake, mkono mmoja tumboni: kutoa kwa midomo iliyobanwa kidogo, hesabu ya 6, kisha aache hewa iingie yenyewe, kidogo, chini tumboni. Mara 5. Afanye hivyo kabla ya kila zoezi la chini, mpaka iwe desturi.

Pili, kugonga, yaani kupiga kwa kiganja ili mwenza aachie. Klabu nyingi zinamfundisha mwanafunzi kugonga kama namna ya kukubali kushindwa, ndiyo maana wengine wanachelewa mpaka wanaumia au wanachanganyikiwa. Fanyeni somo zima la kugonga bila mtu kubanwa. Mwenza anaweka mkono tu begani, yeye anagonga mara 2, mwenza anaondoka kabisa, mwili wote, papo hapo. Akigonga kwenye mwili wa mwenza ni bora kuliko chini, kwa sababu mwenza anahisi hata kama kuna kelele. Mikono ikiwa imefungwa, agonge kwa mguu au aseme "basi". Rudieni mara nyingi hadi iwe jambo la kawaida. Mwenza anayechelewa hata sekunde moja, au anayelegeza nusu tu huku akiuliza "vipi, umeumia?", hafai kufanya naye mazoezi kwa sasa. Hili mwalimu alisimamie mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo kubanwa, na kila hatua ina muda na uzito wake. Anza na yoko-shiho-gatame (kumbano la kutoka ubavuni), kwa kuwa uso uko wazi. Mwenza akae juu yake kwa viganja na magoti, bila uzito wowote, sekunde 3. Anayehesabu kwa sauti ni yeye aliye chini. Akihesabu anatoa pumzi, na anajua mwisho uko wapi. Kisha sekunde 5, 10, 20. Kwenye mashindano kumbano la sekunde 20 ndilo ippon (ushindi wa moja kwa moja), kwa hiyo akifika 20 mwambie: huu ndio urefu wote, hakuna kubanwa kunakozidi hapa. Akishamudu 20 bila uzito, rudi sekunde 3, mwenza ashushe kifua kiguse. Kisha nusu ya uzito. Kisha wote. Halafu kesa-gatame, ambayo ni ngumu zaidi kwa mbavu kwa sababu uzito unalalia upande mmoja. Kami-shiho-gatame (kumbano la kutoka upande wa kichwa) mwisho kabisa, maana tumbo la mwenza linafunika pua na mdomo, na hata watu wenye mikanda ya rangi hushtuka.

Akiwa chini mpe kazi moja tu. Kazi ya kwanza ni kugeuza uso upande ili pua ipate nafasi. Siku nyingine, kuingiza mkono wa mbele kati ya nyonga ya mwenza na tumbo lake. Siku nyingine, kusogeza nyonga nje kwa ebi, mara moja, na basi. Msimwambie atoke kwenye kumbano. Mtu aliyeshtuka hawezi kupanga hatua nne, na akishindwa kutoka anahesabu kwamba ameshindwa tena.

Tumieni kipimo cha 0 hadi 10. Mwulize hofu iko ngapi, ajibu kwa namba, bila maelezo. Mazoezi yafanyike kati ya 4 na 6. Ikifika 7 punguzeni uzito au muda papo hapo. Ikiwa 2 mara tatu mfululizo, pandeni ngazi. Namba inamsaidia hata asiyependa kueleza mambo yake mbele za watu, na kwetu huku ni wengi.

Kuhusu machozi: yaacheni yatoke. Mwili ukitoka kwenye mshtuko unatetemeka, unalia, wakati mwingine unacheka bila sababu. Msimzunguke. Msimwulize sababu. Mtu mmoja anayemwamini akae karibu, maji, dakika mbili tatu, na nafasi ya kurudi kufanya kitu kidogo siku hiyohiyo, hata kugonga tu mara tatu, ili asirudi nyumbani na lile la mwisho. Hilo la kukaa pembeni hadi mwisho ndilo linalomuumiza zaidi. Tofauti na hapo ni pale macho yanapotazama mbali, hajibu akiitwa jina, mikono imekuwa baridi. Hayo si mazoezi tena. Mkalishe, nyayo zikanyage chini, mwambie ataje vitu vitano anavyoviona ukumbini, na siku hiyo iishie hapo. Ikijirudia, mtu huyu anahitaji mshauri nasaha au mwanasaikolojia, na judo iende sambamba na huduma hiyo. Inawezekana kuna jambo lililompata zamani ambalo kubanwa kunaliamsha. Mwalimu hana haja ya kulijua ili amfundishe vizuri.

Mengine ya haraka. Mwenza amchague yeye, wa jinsia anayotaka, wa uzito wake au chini. Fulana ya kubana ndani ya koti. Anayejifunika kichwa avae kilemba cha michezo kisicho na pini hata moja, na kisicholegea kushuka puani, kwa sababu kitambaa kikifunika pua wakati wa kumbano hata mtu jasiri atapagawa. Mwenza aseme anachofanya kabla ya kugusa: "nakuja kulia, nashika ukosi".

---

Kisusi

Wakuu, naheshimu yote yaliyoandikwa, lakini naona tunawalea mno. Hofu inaondoka kwa randori (kupambana huru mazoezini). Unaweza kufanya ngazi saba za ukemi na mtu bado akaganda siku ya kwanza akishikwa na mtu asiyemjua. Wapeni randori mapema, wiki ya kwanza, na watu wazoefu. Mwili ukizoea kushikwa, kuvutwa na kusukumwa bila kufa, unatulia. Mashindanoni hakuna kuhesabu "haya".

---

mzee_wa_gi

Kisusi, kwenye jambo moja tuko pamoja: kushikwa na mtu anayepinga kuanze mapema. Uchikomi (kurudia kuingia bila kurusha) miezi sita na mwenza aliyesimama tuli haumwandai mtu kwa lolote. Lakini tazama randori ya mtu mwenye hofu jinsi ilivyo. Mikono imenyooka, nyonga nyuma, kichwa chini, macho kwenye miguu ya mwenza. Anaamini amejikinga. Mikono iliyonyooka haihisi chochote, kwa hiyo mrusho unamfikia bila taarifa, na uzito wake tayari uko mbele kwenye vidole. Akirushwa kutoka hapo hana mduara wa kuangukia, anatanguliza mkono. Kifundo cha mkono, kiwiko na mfupa wa mtulinga ndivyo vinavyolipa. Randori ya namna hiyo mara ishirini inamfundisha kukakamaa kwa ustadi zaidi.

Randori ya mapema ninayoikubali ina masharti. Dakika 2, nguvu kama theluthi moja. Mzoefu harushi, anatembea tu, anavuta na kusukuma, anasimama akiona mikono ya mwenzake imekuwa migumu na kusubiri viwiko vilegee, ndipo anaendelea. Katika duru ya pili mzoefu ndiye anayerushwa, mara tano sita, kila mara mwanafunzi akiingia kwa wakati mzuri. Duru ya tatu wanapokezana, mmoja mmoja, hakuna kuzuia. Macho yawe usawa wa kifua au ukosi wa mwenza. Kabla ya duru kuanza atoe pumzi ndefu mara tano, na kati ya duru na duru asianze nyingine kama hawezi kusema sentensi moja nzima bila kukatika.

Mzoefu anayepewa kazi hii achaguliwe kwa makini. Mkanda pekee hautoshi. Anayefaa ni yule ambaye watoto wanapenda kufanya naye.

---

Kisusi

Nimekuelewa mzee wangu. Kwa masharti hayo nakubali, na ile ya kusubiri viwiko vilegee sijawahi kuiona ikifundishwa. Ila naongeza: hata akiwa mzoefu mzuri, abadilishwe kila duru. Mwanafunzi akizoea mtu mmoja, utulivu wake unakuwa wa mtu yule tu. Watatu kwa siku, wazito na wepesi.

Na mkunazi, hakuna aliyemgusa yule wa tatu. Hofu yake kwa maoni yangu ndiyo ya hatari kuliko zote klabuni kwako, kwa sababu anayeumia ni mwingine. Mrusho unaoachiwa katikati unamwangusha mwenza bila mkono wa kumshikilia, mara nyingi kwa bega au kichwa, na mara nyingi na yule aliyerusha anaporomoka juu yake. Mwonyeshe kwa macho: rusha mtu mbele yake mara mbili juu ya godoro nene, moja ukiwa umeushika mkono wa koti mpaka mwisho na kuuvuta juu kuelekea kwenye mbavu zako, nyingine ukiachia pale anapoachia yeye. Mrushwaji awe mtu hodari wa ukemi. Tofauti ya sauti tu itamtosha.

Halafu mpe nagekomi, mirusho 10 kwa godoro nene, na amri moja: akimaliza, awe amesimama wima, miguu miwili imara, mkono wa koti bado umo mkononi mwake. Mrusho usiomalizika hivyo hauhesabiwi. Mrushwaji baada ya kila mmoja aseme "tena" au "subiri". Watu wa namna hii wanahitaji kusikia "tena" kutoka mdomoni mwa yule wanayemwogopea. Ukimwambia wewe mwalimu haamini.

---

BintiSaadani

Naunga mkono hiyo ya "tena". Nimeona kwa wanaume wakubwa wa mwili hasa, wengi wameambiwa tangu utotoni wasiguse watu kwa sababu wataumiza. Asipewe mtu mwepesi kwanza. Apewe mzito mwenzake, ambaye hawezi kumrusha kwa mabavu, ili ajifunze kwamba mrusho unafanywa na kumtoa mtu kwenye mizani yake, na kwamba nguvu anazoziogopa anaweza kuzipima.

---

mkunazi

Nimeandika yote kwenye daftari. Asanteni sana, hasa hilo la o-soto-gari, kwa sababu ndiyo tuliyokuwa tunaanza nayo. Wiki hii tunaiondoa.

Swali moja la ziada. Huyo dada siku moja atafika kwenye kukabwa shingo, shime-waza. Kwa hali yake, tuliruke kabisa? Na la pili: kuna mtu amejitolea matairi chakavu na plaiwudi kwa ajili ya sakafu. Inafaa?

---

BintiSaadani

La shingo: hakuna haraka, na haimzuii kupanda mikanda ya mwanzo. Akifika, sharti awe amemudu kami-shiho sekunde 20 na anagonga bila kufikiri. Siku ya kwanza yeye mwenyewe achukue mikono ya mwenza, aiweke kwenye ukosi wake, na yeye ndiye aivute. Sekunde 2, aachie. Shingo ikabwe pembeni, kwenye mishipa ya damu. Ikiuma koo au akikohoa, mikono iko kwenye koromeo, acheni na mpange upya.

Wote wajue muda ulivyo mfupi. Kabali iliyokaa sawasawa inampotezea mtu fahamu ndani ya sekunde kama 10, wakati mwingine chini ya hapo, na mara nyingi hakuna maumivu ya kumwonya. Kwa hiyo "nivumilie nione" haipo. Anagonga ikigusa, na aliyekaba anamtazama uso muda wote. Akizimia: achia papo hapo, mlaze chali, nyanyua miguu, hakikisha anapumua. Kawaida anarudi kwa sekunde chache. Asiporudi haraka, ita msaada wa hospitali. Akirudi hafanyi tena siku hiyo. Watoto wadogo wasiguswe shingo kabisa, na mwenye kifafa, shinikizo la damu au maradhi ya moyo asikabwe mpaka daktari aseme.

---

mzee_wa_gi

Matairi yanafaa sana, ukiyachagua. Yawe ya gari dogo, ya saizi moja, yasiyo na nyaya zilizochomoza. Yapange yakigusana, yafunge moja kwa jingine kwa kamba, na uyatoboe ubavu wa chini maji yasikae ndani na kuzalisha mbu. Plaiwudi ya milimita 18, tabaka mbili, ya pili ikipita kinyume cha ya kwanza, zifungwe kwa skrubu na vichwa vya skrubu vizame. Usitumie misumari, kwa kuwa sakafu ikicheza inachomoka. Zungushia ubao pembeni ili mbao zisitembee. Juu yake zile sponji zako tabaka mbili, kisha turubai lililokazwa.

Ukimaliza, tembea peku eneo lote kabla ya mtu kurushwa. Popote kidole cha mguu kinapoingia kwenye ufa, hapo ndipo goti la mtu litakapopinda. Na acha mita moja na nusu kutoka ukutani, kila upande.

---

Kisusi

Nguzo za ukumbi pia, kama zipo. Zifungeni sponji mpaka urefu wa mtu. Yule wa kwanza anayefumba macho mweke katikati ya ukumbi kwa wiki hizi, mgongo wake usielekee nguzo wala ukuta. Anayeanguka kinyumenyume anajua kilichopo nyuma yake hata asipokitazama.